UZI: Nilichomolewa simu Barcelona, ndipo nikajua maisha yangu yote yalikuwa kwenye mfuko mmoja

#1 Kandambili

Habari za muda huu wakuu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya, nyuzi za safari napita tu. Leo nashusha wa kwangu kwa sababu kuna rafiki kaniuliza "nikienda nje niwe makini na nini?" nikajikuta namwandikia ujumbe mrefu kuliko barua ya posa. Nimeona bora niuweke hapa wengi wafaidi.

Nianze na aibu yangu.

Nimeshuka stesheni ya Sants na begi la magurudumu, nikaingia treni ya chini ya ardhi, ule mstari wa kijani L3, naelekea Liceu. Sifa ya Barcelona kwa wachomoaji nilikuwa naijua fika, nilisoma kabla sijaondoka. Begi nimelikumbatia kama kichanga. Treni ikaja, mlango ukafunguka, mbele yangu dada mmoja nadhifu, ramani mkononi, akapanda halafu akasimama ghafla palepale mlangoni, akainama kama aliyedondosha kitu. Nikamgonga mgongoni. Nyuma yangu watu wawili wakanisukuma, mmoja akaniomba radhi kabisa na kuniwekea mkono begani ili nisianguke. Nikamshukuru. Jamani, nilimshukuru! King'ora cha milango kikalia, wale watatu wakachomoka nje, milango ikajifunga. Treni ilipoanza kuondoka ndipo nikahisi paja la kulia limekuwa jepesi.

Sekunde kumi, haizidi hapo.

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulipo. Simu ilikuwa na kile kifuniko cha kufungua kama kitabu, chenye vijifuko ndani. Humo nilikuwa nimechomeka kadi zangu zote mbili za benki na kitambulisho. Jina la hoteli lilikuwa kwenye simu. Tiketi ya kurudi, kwenye simu. Namba ya benki, kwenye simu. Namba za watu, kwenye simu. Kichwani nilikuwa na namba moja tu, ya mke wangu, na hiyo ni kwa sababu niliisotea enzi za uchumba.

Hoteli niliipata kwa kukumbuka picha ya jengo. Kijana wa mapokezi akanionea huruma, akanipa kompyuta yake. Nikaandika anwani ya baruapepe, nikaweka nywila, nikaipatia. Nikashusha pumzi. Halafu skrini ikaniambia: tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako inayoishia na 47.

Nilikaa nikiitazama ile 47 mpaka kijana akaniuliza kama najisikia vizuri.

Benki nayo ikawa hivyohivyo. Nimepata namba yao mtandaoni, nimepiga kwa simu ya mapokezi, nimesubiri na muziki wao, mhudumu anasema ili nifunge kadi lazima anitumie ujumbe mfupi kwenye namba niliyosajili. Namwambia namba hiyo ndiyo iliyoibiwa. Anasema anaelewa, lakini utaratibu ndio huo. Ilichukua kama dakika arobaini na maswali ya jina la mama yangu mpaka wakazifunga, na kufikia hapo kadi moja ilishatumika mara tatu kwa kugusishwa tu kwenye mashine za madukani, viasi vidogovidogo visivyodai namba ya siri.

Kwa hiyo ushauri wangu ninaompa kila mtu unaanzia hapo. Kuibiwa kunaweza kutokea hata ukiwa na macho mgongoni. Unachoweza kukipanga ukiwa bado nyumbani ni kwamba mwizi akiondoka na mfuko mmoja, mifuko mingine ikubebe mpaka urudi. Nitaeleza ninavyojipanga siku hizi, ngoja nile kwanza.

#2 Kiroboto

Natia kambi. Hiyo 47 imeniua 😂 pole sana mkuu

#3 Begi Jekundu

Kifuniko cha simu chenye kadi ndani! Kaka, na mimi ninacho, natoa kadi sasa hivi nikiwa nasoma.

#4 Mzee wa Tiketi

Sipingi uzi, ila msitishe watu. Nimesafiri nchi kumi na kitu, sijawahi kupoteza hata kalamu. Ukiwa na akili za mjini hupigwi. Wanaoibiwa ni wale wanaotembea mdomo wazi wakipiga picha njiwa.

#5 Kandambili

Nimerudi. Mzee wa Tiketi, nakuheshimu, lakini akili za mjini ndizo nilizokuwa nimezishika mkononi siku ile, zilikuwa zinalinda begi. Mchomoaji hashindani na akili yako, anaipa kazi nyingine. Dada anainama, wewe unamwangalia dada. Mkono uko begani, wewe unausikia wa begani, wa mfukoni huusikii. Unajua yale mabango ya "Jihadhari na wachomoaji"? Mtu akilisoma tu, mkono unakwenda wenyewe kupapasa pochi ilipo. Anayesimama pembeni kashaonyeshwa duka lilipo.

Haya, ninavyojipanga.

Simu ndiyo naianza, kwa sababu siku hizi pochi ina thamani ndogo kuliko simu. Kabla ya safari nawasha ulinzi wa wizi. Kwenye iPhone upo tangu iOS 17.3 ya Januari 2024: ukiwa mbali na sehemu ulizozizoea, mambo mazito kama kubadili nywila ya akaunti yanataka uso au kidole chako, namba ya kufungulia simu haitoshi tena, na baada ya hapo unasubirishwa saa nzima kabla mabadiliko hayajakubaliwa. Android nayo ina kinachojifunga chenyewe simu ikihisi imekwapuliwa na mtu anatoka nduki au yuko kwenye baiskeli. Vyote viangalie mwenyewe kwenye mipangilio, usidhani vimewaka tu.

Cha pili ambacho wengi hawakijui: weka PIN kwenye laini yenyewe. Hapa naongelea laini, siyo simu. Simu yako inaweza kufungwa kwa kufuli saba, mwizi akachomoa laini akaitia kwenye simu yake, na zile namba za uthibitisho zote zikaanza kumiminika kwake. Laini yenye PIN ikiingia simu nyingine inagoma mpaka iandikwe. Ila angalieni, ukikosea mara tatu inajifunga inataka PUK, ile namba ya kuifungulia laini, kwa hiyo ifanyeni nyumbani, msifanye mkiwa foleni ya kupanda ndege.

Bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15, hiyo ndiyo IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Iandike kwenye karatasi. Polisi wataitaka, kampuni ya simu pia wataitaka ili waizuie.

Na zile namba za dharura ambazo baruapepe hukupa uzihifadhi, zile unazotumia siku huna simu, kila mtu huzipuuza. Mimi zangu ziko kwenye karatasi ndani ya soli ya kiatu cha akiba. Cheka tu. Ningekuwa nazo siku ile, 47 isingenisumbua.

Kadi: moja natembea nayo, nyingine inabaki chumbani mahali tofauti kabisa, na ziwe za akaunti tofauti. Iliyo mfukoni ina pesa za siku mbili tatu tu, naihamishia kidogokidogo. Taslimu naigawa hivyohivyo. Namba ya benki ya kupiga ukiwa nje ya nchi imeandikwa kwenye karatasi ile ile, na kabla ya safari nimewauliza: simu ikiibiwa mtanitambuaje? Waulizeni na ninyi. Majibu yanashangaza.

#6 Dirishani

Uzi umekaa vizuri. Naongezea mbinu za mitaani maana jamaa wana shule zao.

Paris. Unapanda ngazi za kilima cha Montmartre kwenda kanisa la Sacré-Cœur, jamaa anakushika mkono kwa bashasha anakufunga uzi wa rangi kidoleni, "zawadi, zawadi". Uzi ukishakazwa unadaiwa pesa, na ukihangaika kuufungua kuna mwenzake anahangaika na mkoba wako. Dawa yake ni mikono mfukoni na kuendelea kutembea bila hata kusema hapana. Kule kando ya mto utamwona mtu anaokota pete ya dhahabu miguuni pako, "ni yako?" Ni shaba. Halafu wale wasichana wenye ubao na karatasi za kusaini kusaidia viziwi. Ubao unawekwa juu ya meza au juu ya mkoba wako, chini yake mkono unafanya kazi. Ndivyo simu zinavyoondoka juu ya meza za mikahawa mchana kweupe.

Na msidhani ni wageni washamba tu wanaolia. Aprili 2013 wafanyakazi wa Louvre waligoma, makumbusho yakafungwa siku nzima, kwa sababu wachomoaji walikuwa wanawazidi nguvu mpaka kuwatisha. Mei 2015 Mnara wa Eiffel nao ukafungwa kwa sababu hiyohiyo. Wenyeji wenyewe walichoka.

#7 Mzee wa Tiketi

Sawa, hiyo ya Louvre nimekubali.

#8 Bibi Ramani

Roma basi namba 64. Kutoka stesheni ya Termini mpaka karibu na Vatikani. Wenyeji wenyewe wanalitania basi hilo. Likija limejaa, acheni, subirini lingine au tembeeni.

Na ile ya kukumwagia. Unasikia kitu cha majimaji mgongoni, kama kinyesi cha ndege au rojo la aina fulani. Mara anatokea mama mwenye huruma na tishu, "ooh pole, ngoja nikufute." Ukivua begi ili ufutwe, umekwisha. Ukimwagiwa, ondoka hivyo hivyo na uchafu wako, ingia dukani au chooni ujifute mwenyewe.

London hawahangaiki kuchomoa, wanakwapua. Wanapita na baiskeli za umeme, wewe umesimama ukingoni mwa barabara unaangalia ramani kwenye simu, vuup. Ukitaka kuangalia njia, geuka uelekee ukuta au ingia mlangoni mwa duka.

#9 Kiroboto

Swali langu la kila siku: pasipoti. Nitembee nayo au niiache hotelini? Kila mtu ananiambia lake.

#10 Begi Jekundu

Iache kwenye lile sanduku la chuma la chumbani. Tembea na nakala.

#11 Mzee wa Tiketi

Inategemea nchi, msimdanganye. Japani, kwa mfano, sheria inamtaka mgeni awe nayo mwilini muda wote, polisi akikusimamisha nakala haikusaidii. Ajabu ni kwamba huko ndiko wizi wa mfukoni huwezi kuuona hata kwa tochi. Soma masharti ya unakokwenda kabla hujatoka.

Na lile sanduku, Begi Jekundu, si la kuliamini kivile. Hoteli wana ufunguo mkuu au namba ya kulifungulia, maana kila siku kuna mgeni anasahau yake. Kingine, wakati mwingine hiyo namba ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, hakuna aliyeibadilisha. Mimi nikiingia chumbani naliweka tupu, nalifunga kwa namba yangu, halafu najaribu 0000 na 1234. Likifunguka, halina tofauti na droo.

#12 Ukingo wa Meza

Naomba niseme kwenye hili la pasipoti maana lilinikuta.

Ilikuwa Roma, mkahawa wa nje, jua zuri. Nimening'iniza mkoba kwenye mgongo wa kiti. Nimekunywa, nimelipa kwa pesa niliyokuwa nayo mkononi, nageuka kuchukua mkoba, kiti kipo. Sikuhisi chochote. Ndani yake pasipoti, miwani na kitabu.

Mambo matatu niliyojifunza. La kwanza, polisi. Nilidhani nikienda watakimbia kumtafuta mwizi. Walinipa fomu na kalamu, basi. Lakini karatasi ile yenye muhuri ndiyo kila mtu aliyefuata aliiomba: ubalozi, bima, shirika la ndege. Hivyo nendeni hata kama mnajua mwizi hapatikani, na nendeni siku hiyohiyo, bima nyingi zinataka taarifa ndani ya saa 24.

La pili, ubalozi ulinitengenezea hati ya dharura ya kusafiria. Haraka tu, nashukuru, kwa kuwa nilikuwa na picha ya ukurasa wa mbele wa pasipoti kwenye baruapepe na picha ndogo mbili za karatasi kwenye begi. Lakini hati ile ilikuwa ya kunirudisha nyumbani tu. Viza ya nchi ya pili niliyokuwa niende ilikuwa imebandikwa ndani ya pasipoti iliyoibiwa. Safari ikafia hapo na tiketi haikurudishwa.

La tatu ndilo lililoniacha hoi. Wiki tatu baadaye nimepigiwa simu, pasipoti imeokotwa kwenye pipa la taka, nzima, viza yake humo ndani. Nikafurahi kama nimeshinda bahati nasibu. Afisa akaniambia nisiitumie kamwe. Pasipoti ukishaitangaza imeibiwa, nchi yako inaweza kuipeleka kwenye kanzidata ya Interpol, polisi wa kimataifa, ya hati za kusafiria zilizoibiwa na kupotea, ipo tangu 2002, na wa uhamiaji wakiiskani pale dirishani inawalilia. Hawajui kwamba wewe ndiye mwenyewe umeipata. Nimeirudisha ikatobolewa matundu, sasa ipo kabatini kama picha ya marehemu.

#13 Kiroboto

Dah. Pole dada. Kwa hiyo kabla ya kutangaza mtu atafute kwanza kwa utulivu?

#14 Ukingo wa Meza

Ndiyo, pindua begi lote, angalia hata nguo chafu, piga simu ulikokula. Ukishatangaza hakuna kurudi nyuma. Lakini ukishajua imeibiwa kweli usicheleweshe, mtu anaweza kuitumia kwa jina lako. Na siku hizi mkoba ukikaa chini, naupitisha mguu wangu kwenye mkanda wake. Kwenye kiti hautaning'inia tena maisha yangu yote.

#15 Begi Jekundu

Vipi kuhusu zile pochi za kuzuia mawimbi? Nimeona wanasema wezi wanapita na mashine wanasoma kadi yako mfukoni bila kukugusa.

#16 Kandambili

Usinunue kwa sababu hiyo. Kadi ya kugusa husomeka kwa umbali wa sentimita chache tu, na kila muamala unatengenezewa alama yake ya mara moja, kwa hiyo hata mtu akiinasa hana cha maana cha kufanya nayo. Hao walioitumia yangu hawakuwa na mashine yoyote, walikuwa na kadi yenyewe. Pesa hiyo nunua kibegi chembamba cha kuvaa ndani ya nguo. Na hicho nacho kina masharti: ni ghala, hakigeuzwi kuwa pochi. Naona watu wanakivaa halafu kila baada ya nusu saa wanapandisha shati hadharani kutoa noti.

Vitu vidogo vya kuchelewesha mkono vinasaidia kuliko teknolojia. Kipini kikubwa kwenye zipu. Mkanda wa mpira kuzunguka pochi, unakwaruza kitambaa ukivutwa. Begi la mgongoni kuja kifuani kwenye msongamano, utaonekana mshamba, sawa. Mchomoaji ana sekunde kumi, ukimwongezea tano anamfuata jirani yako. Samahani kwa jirani.

#17 Dirishani

Tusisahau viwanja vya ndege na ndani ya ndege kwenyewe. Watu wakishapita ukaguzi wanalegea kana kwamba wameingia peponi.

Kwenye ule mkanda wa ukaguzi, usisukume trei yako mpaka mtu wa mbele yako awe amepita ule mlango. La sivyo vitu vyako vinafika upande wa pili vinakusubiri peke yake, wewe bado unavuliwa mkanda wa suruali. Simu na pochi vitie ndani ya begi na ufunge zipu, usiviweke wazi kwenye trei.

Ndani ya ndege, begi likiwa juu ya kichwa chako hulioni. Liweke kabati la upande wa pili wa njia, mbele kidogo, zipu ikielekea ndani. Safari za usiku kuna watu wanasimama, wanafungua kabati, wanatoa begi wanalichambua kwa utulivu wote. Kila mtu anadhani ni lake.

Kwenye treni za mbali, wakati wa hatari ni treni ikisimama kituoni. Mtu anagonga dirisha lako kwa nje, anakuonyesha saa au anauliza kitu kwa ishara. Wewe unageukia dirishani. Mwenzake yuko ndani, anapita na begi lako, anashuka.

Begi la kwenda chini lipige picha nje na ndani kabla ya kufunga. Pawabenki usiitie humo, betri za lithiamu za akiba zinatakiwa kabini, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ili ujue yako, zidisha mAh zake kwa volti 3.7 halafu gawa kwa 1,000: ya mAh 20,000 inatoka kama wati-saa 74, inapita. Begi lisipotokea au likitoka limechanwa, usitoke ukumbi ule bila kuandikisha kwenye dawati la mizigo. Mkataba wa Montreal wa 1999 unatoa siku 7 kulalamika kwa maandishi kuhusu mzigo ulioharibika na siku 21 kwa uliochelewa, ukizichelewa umejifukuza mwenyewe.

Na acheni kuposti picha ya tiketi ya kupandia ndege. Zile herufi sita za nafasi uliyokata pamoja na jina la ukoo zinatosha kwa mtu kufungua nafasi yako na kuichezea.

#18 Bibi Ramani

ATM nayo. Tumia iliyo ndani ya benki, mchana, ili kadi ikimezwa kuna mtu wa kumlilia. Tikisa kidogo pale kadi inapoingia, kitu kikilegea huenda ni mtego wa kunakili kadi, ondoka. Funika namba hata kama uko peke yako, maana kamera iliyofichwa huwa hairudi nyuma kwa adabu. Akija "msamaria" wa kukuonyesha jinsi ya kubonyeza, bonyeza kughairi na uondoke na kadi yako. Mashine ikikuuliza kama unataka ikukate kwa pesa ya kwenu, kataa, chagua pesa ya nchi uliyopo. Huo hauitwi wizi kisheria ila unauma vilevile.

Na polisi wa bandia: wawili wamevaa kiraia, wanaonyesha kitambulisho sekunde moja, wanataka kukagua kama noti zako ni halali. Polisi wa kweli hana shida na noti zako. Mwambie kwa upole mwende wote kituoni au hotelini. Ulaya, nchi zote za Umoja, namba ya dharura 112 inapatikana bure, ipige mbele yake. Wengi wanakumbuka wana miadi kwingine.

#19 Kiroboto

Na mambo ya makaratasi kwa anayeenda mara ya kwanza?

#20 Mzee wa Tiketi

Hapa ndipo pangu. Kwa kifupi: nchi nyingi zinataka pasipoti yenye uhai wa miezi 6. Eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, wanataka iwe na angalau miezi 3 baada ya siku unayopanga kutoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Viza yao ya muda mfupi inadai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, lakini hiyo ni ya ugonjwa. Wizi ni kifungu kingine, usome. Utakuta "kitu kilichoachwa bila uangalizi hakilipwi", na mkoba kwenye mgongo wa kiti wanaweza kabisa kuuita hivyo.

Cheti cha homa ya manjano: kinaanza kazi siku 10 baada ya chanjo, usiende kuchoma keshokutwa unasafiri. Tangu Julai 2016 kinadumu maisha yako yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Dawa zako ziwe kwenye pakiti zake na karatasi ya daktari, kwenye begi la mkononi.

Nakala ya vyote hivyo mwachie mtu mmoja nyumbani unayeijua namba yake kichwani. Kandambili katufundisha.

#21 Ukingo wa Meza

Hatimaye Mzee kakubali kwamba watu wenye akili nao huibiwa 😄

Kandambili, simu ilirudi?

#22 Kandambili

Haikurudi. Lakini ina mkia mrefu.

Usiku ule ule kijana wa mapokezi alinisaidia nikampigia mke wangu, naye alikuwa na kompyuta yetu nyumbani iliyokuwa bado imefunguliwa kwenye akaunti yangu. Akaiweka simu kwenye hali ya kupotea, na ujumbe kwenye skrini: simu hii imepotea, tafadhali piga namba hii. Namba ya kwake. Tuliona tumefanya la maana.

Siku ya tisa akapata ujumbe mfupi. Umeandikwa kwa heshima, simu yako imepatikana, bonyeza hapa uone ilipo. Ukibonyeza unafunguka ukurasa unaofanana kwa kila kitu na wa watengenezaji wenyewe, ramani inazunguka, halafu unakuomba nywila. Alikuwa ameshaandika nusu. Kilichomstua ni ile anwani juu, ilikuwa na herufi moja ya ziada mwishoni. Simu iliyofungwa hivyo kwao ni spea tu, ukiwapa nywila inakuwa simu nzima. Ndiyo maana wanasubiri siku kadhaa, wanakuacha uanze kutamani.

Wa pili ulikuja baada ya wiki mbili, huo ulikuwa wa vitisho, eti picha zetu zitasambazwa nisipoiondoa kwenye akaunti. Wa tatu mtu alijifanya kainunua kwa pesa yake halali, maskini, ana watoto, anaomba tu nibonyeze "ondoa kifaa hiki".

Nimeangalia sasa hivi nikiwa naandika. Ipo bado kwenye orodha, haipo mtandaoni. Sijaiondoa.

#23 Begi Jekundu

Usiiondoe mkuu.